Kisukari si Ugonjwa wa Jana: Historia ya Chakula, Mwendo na Elimu kwa Wazee Wetu



Ndugu wasomaji wetu wapenzi, baada ya darsa moja ya alasiri bibi mmoja wa mtaani kwetu alitoa maneno mawili yaliyotufanya tukae kimya. La kwanza alisema: "Hiki kisukari ni ugonjwa wa wazungu, zamani haukuwepo." La pili akasema: "Na mimi nimeshazeeka, mniache ninywe chai yangu, kujikinga ni kwa vijana." Vijana waliokuwepo walicheka, lakini hakuna aliyemjibu. Makala hii ni jibu letu kwa bibi yetu, na kwa kila nyumba yenye mzee anayesema kama yeye. Tutapitia historia hatua kwa hatua, kisha msomaji ahukumu mwenyewe.

UGONJWA WA KALE

Tuanze na neno la kwanza. Waganga wa Misri ya Mafirauni, katika maandishi ya yapata mwaka 1550 kabla ya Miladia, walitaja ugonjwa wa kukojoa kupita kiasi. Waganga wa kale wa Bara Hindi waliona kwamba mkojo wa wagonjwa fulani unakusanya sisimizi, wakauita mkojo wa asali. Waliona pia kuwa unawapata zaidi watu wanene, wenye kula vizuri na kukaa tu, na miongoni mwa dawa walizowaandikia ilikuwa ni kutembea. Naye tabibu Aretaeus wa Kapadokia, katika karne ya 2 Miladia, alieleza jinsi mwili unavyoyeyuka na kutoka na mkojo.

Tukija kwa wanazuoni wetu, Ibn Sina (370-428 Hijria, sawa na 980-1037 Miladia) aliandika katika kitabu chake mashuhuri cha tiba, al-Qanun, kuhusu mgonjwa mwenye kiu isiyokwisha, hamu kubwa ya chakula, mkojo wenye utamu, kuoza kwa viungo na kupungua kwa nguvu za kiume. Hizo ndizo dalili na madhara ambayo daktari wa leo anamwambia mgonjwa. Miongoni mwa dawa alizotumia ilikuwamo uwatu, ule ule ambao mama zetu wanauweka jikoni. Karne mbili baadaye Abd al-Latif al-Baghdadi (1162-1231) alitunga risala nzima juu ya kisukari peke yake.

Jambo ambalo wengi hatulijui ni kwamba Ibn Sina, alipozungumzia kuhifadhi afya, aliitanguliza mazoezi ya mwili, kisha chakula, kisha usingizi. Na wazee hakuwasahau. Aliwatengea sehemu yao maalumu, akaeleza kwamba chakula chao kiwe kidogo kidogo kwa mafungu, na mazoezi yao yawe kwa kadiri ya uwezo wa mwili wa kila mmoja. Basi tunapomwambia mzee "tembea kidogo baba", hatumletei mambo ya kigeni. Tunamrudishia maneno ya Ibn Sina ya karibu miaka 1000 iliyopita.

NJAA YA PARIS NA INSULINI YA TORONTO

Ulaya nako walitafuta. Mwaka 1776 tabibu Mwingereza Matthew Dobson alithibitisha kuwa utamu wa mkojo ule ni sukari hasa. Karibu miaka 100 baadaye, jeshi la Prussia lilipouzingira mji wa Paris mwaka 1870 na 1871, chakula kiliadimika. Tabibu Apollinaire Bouchardat akaona ajabu: wagonjwa wake wa kisukari ambao walilazimika kula kidogo, sukari katika mikojo yao ilipungua au ikaondoka kabisa. Kutokana na hapo alisisitiza mambo matatu: kula kwa kiasi, kufanya kazi ya mwili, na mgonjwa mwenyewe kujifunza kupima mkojo wake. Angalia la tatu. Mgonjwa alianza kuwa mwanafunzi.

Mwaka 1889 huko Strasbourg, Minkowski na von Mering walimwondolea mbwa kongosho, akapata kisukari. Ikajulikana kwamba chanzo kiko kwenye kiungo hicho. Mwaka 1921 mjini Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best, wakiwa pamoja na Macleod na Collip, walifanikiwa kupata insulini. Januari 1922 ikadungwa kwa mara ya kwanza kwa kijana wa miaka 14 aliyekuwa mahututi, naye akaishi miaka mingine 13. Haki ya uvumbuzi ule iliuzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja tu kwa kila mvumbuzi, ili dawa isiwe mali ya mtu binafsi.

Wengi walidhani sasa kazi imekwisha. Lakini daktari mmoja wa Boston, Marekani, Elliott Joslin (1869-1962), hakukubali. Mama yake mzazi alipata kisukari utu uzimani, akaishi nacho zaidi ya miaka 10 kabla insulini haijapatikana, kwa utaratibu wa chakula. Mwaka 1918 Joslin alitoa kitabu cha mafundisho kilichoandikwa kwa ajili ya mgonjwa pia, si daktari peke yake. Alifundisha wauguzi waende majumbani kuwaelekeza wagonjwa na familia zao. Alilinganisha tiba na gari linalokokotwa na farasi watatu: chakula, insulini na mazoezi. Farasi mmoja akilala, gari haliendi sawa. Elimu ya kisukari kwa familia, kama tunavyoijua leo, kwa sehemu kubwa ilianza hapo.

MADAKTARI WA MULAGO

Sasa turudi nyumbani, Afrika Mashariki. Daktari Hugh Trowell alifanya kazi huku kuanzia 1929 hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, sehemu kubwa katika hospitali ya Mulago na chuo cha Makerere, Kampala. Katika miaka hiyo aliona wagonjwa wengi wa maradhi ya kuambukiza na utapiamlo, lakini kisukari cha ukubwani, shinikizo la damu na ugonjwa wa mishipa ya moyo vilikuwa nadra kwa Waafrika wa vijijini. Mwaka 1956 yeye na mwenzake waliandika habari za mgonjwa mmoja tu wa moyo, kwa kuwa hata mmoja alikuwa jambo la kuandikiwa! Mwaka 1960 alikusanya aliyoyaona katika kitabu.

Mwenzake, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefika Uganda mwaka 1946, naye alijiuliza swali hilo hilo: kwa nini huku hakuna na Uingereza kumejaa? Wakitazama sahani, waliona matoke, viazi vitamu, ulezi, mtama, maharage na mboga za majani. Ulaya waliona mkate mweupe na sukari. Wakahitimisha kwamba tofauti kubwa ni zile nyuzinyuzi za mimea ambazo tumbo halizisagi, na ambazo kinu cha kukobolea huziondoa. Mwaka 1972 Trowell alitoa maana ya kitaalamu ya nyuzinyuzi za chakula, na mwaka 1975 wawili hao walihariri kitabu kuhusu vyakula vilivyokobolewa na maradhi.

Ni lazima tuwe waadilifu hapa. Si nyuzinyuzi peke yake. Watu wa zamani walitembea mchana kutwa, walilima kwa mikono, wengi hawakufikia uzee, na vipimo vilikuwa vichache, hivyo wagonjwa wengine hawakujulikana. Hata hivyo funzo limebaki: vyakula ambavyo leo baadhi yetu tunaviona ni vya kimaskini ndivyo vilivyowashangaza wataalamu kwa uzuri wake. Sisi tuliviacha tukakimbilia sembe nyeupe, mikate na soda.

Uchunguzi wa kitaifa wa Uganda wa mwaka 2014 unaonyesha njia tuliyokwishapita. Kisukari kilipatikana kwa asilimia 1.4 ya watu wazima waliopimwa: vijijini asilimia 1.0, mijini asilimia 2.7. Mjini ni zaidi ya mara mbili na nusu. Na karibu nusu ya waliokutwa nacho hawakuwa wakijua. Hebu fikiria, kati ya wagonjwa wawili, mmoja anakunywa chai yenye vijiko vinne vya sukari bila habari, mpaka siku kidonda cha mguu kinapokataa kupona.

JE, MZEE AMECHELEWA?

Tufike kwenye neno la pili la bibi yetu, kwamba kujikinga ni kwa vijana. Mwaka 1986 katika mji wa Da Qing, China, walichukuliwa watu 577 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini hawajawa wagonjwa. Wengine waliachwa na huduma za kawaida, wengine wakafundishwa chakula, wengine mazoezi, wengine vyote viwili. Baada ya miaka 6, katika wale walioachwa, takriban watu 68 kwa kila 100 walikuwa wamepata kisukari. Katika makundi yaliyofundishwa walikuwa kati ya 41 na 46. Hawakupewa dawa yoyote, ni elimu na mwendo tu.

Kisha Marekani, matokeo ya mwaka 2002 ya utafiti wa watu 3,234. Kundi moja lilipewa vidonge vya metformini, jingine lilifundishwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi kama kutembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki. Vidonge vilipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 31. Chakula na mwendo vilipunguza kwa asilimia 58. Sasa sikiliza vizuri bibi yetu: walipowatazama wenye umri wa miaka 60 na zaidi peke yao, chakula na mwendo vilipunguza hatari kwa asilimia 71! Wazee ndio waliofaidika kuliko wote. Basi aliyesema mzee amechelewa, historia haikumuunga mkono.

RAMADHANI NA ELIMU

Kuna jambo moja linatugusa sisi Waislamu moja kwa moja, nalo ni funga. Mwaka 2001 ulifanyika utafiti mkubwa wa Waislamu 12,243 wenye kisukari katika nchi 13. Ilionekana kwamba karibu wagonjwa 8 katika kila 10 wa kisukari cha ukubwani walifunga siku 15 au zaidi za Ramadhani. Lakini pia matukio ya sukari kushuka vibaya, hata mgonjwa kuhitaji hospitali, yaliongezeka mara 7 na nusu kwa wagonjwa hao.

Je, dawa yake ni kuwakataza wote? La. Mwaka 2010 yalitolewa matokeo kutoka London ya wagonjwa 111. Waliofundishwa kabla ya Ramadhani jinsi ya kula, kujipima na kupanga dawa, matukio ya sukari kushuka yalipungua. Wasiofundishwa, yaliongezeka mara nne. Funga ni ile ile na mwezi ni ule ule, tofauti ni elimu. Ndiyo maana miongozo ya kimataifa, iliyotolewa 2016 na kufanyiwa marekebisho 2021, inamtaka mgonjwa amwone daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya Ramadhani. Na yule ambaye daktari amemwambia funga itamdhuru, akumbuke kwamba Qur'ani yenyewe, katika Suratul Baqarah, imempa mgonjwa ruhusa. Wazee wetu wengi huona haya kula mchana wa Ramadhani mbele ya wajukuu. Ni juu yetu watoto kumwondolea mzee haya hiyo, tusimwache akafa kwa kuona aibu.

TUFANYE NINI?

Wanafunzi mnaosoma makala hii, ninyi ndio wauguzi wa Joslin katika nyumba zenu. Msomeeni babu na bibi. Kwa uchache tufanye haya:

1. Kila mwenye umri mkubwa katika nyumba apimwe sukari, hata kama hana dalili.

2. Turudishe dona, ulezi, maharage na mboga katika sahani, na tupunguze sukari ya chai kijiko kimoja kila baada ya wiki chache. Mzee asinyang'anywe kikombe ghafla.

3. Mzee atembee. Kwenda msikitini kwa miguu kama anaweza, au kuzunguka uani na mjukuu wake. Aanze na dakika 10.

4. Miguu ikaguliwe kila siku, hasa nyayo na katikati ya vidole, kwani ganzi humfanya asihisi kidonda.

5. Uwatu na mitishamba isichukue nafasi ya dawa za hospitali. Anayetumia vyote viwili amweleze daktari, maana sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

6. Mzee anayetumia insulini au vidonge asibadilishe kipimo mwenyewe, awe amefunga au hajafunga.

Bibi yetu tulimrudia wiki iliyofuata tukamsimulia haya yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Huyo Ibn Sina alisema wazee watembee?" Tukamwambia ndiyo. Akasema, "Basi nileteeni viatu, hivi vya plastiki vinanibana."

Alhamdulillah, viatu vimenunuliwa. Na wewe ndugu msomaji, wa kwako nyumbani ameshapata vyake?

Wabillahi tawfiq.