Mila ya Kuruka Chini

Kwa muda wa miaka kumi na mitano baada ya Vita Vikuu vya Pili, wakuu wa majeshi ya anga waliitakidi kwamba salama ya rubani imo katika kupaa juu, asikofikiwa na kombora la adui. Lakini itikadi hiyo ilibatilika tarehe 1 Mei 1960, pale Warusi walipoiangusha karibu na Sverdlovsk ndege ya upelelezi ya Marekani, U-2, iliyokuwa ikiruka zaidi ya meta 20,000 juu ya ardhi. Hapo shauri likageuzwa: ndege na ziambae mabonde na kujisitiri nyuma ya vilima, kwa kuwa rada haioni kilichokingwa na mlima.

Ufundi huo haupatikani ila kwa mazoezi, na mazoezi yenyewe, aghalabu, yalifanywa juu ya vichwa vya watu waliokuwa katika amani, huko Wales, Ujerumani na milima ya Alps, ambako rubani aendaye kasi karibu na ardhi hana muhula wa kulisahihisha kosa lake. Tarehe 8 Desemba 1988 ndege ya Marekani aina ya A-10 iliangukia nyumba za mji wa Remscheid, Ujerumani Magharibi, ikamwua rubani pamoja na raia kadhaa.

Msiba uliovuma zaidi ulitokea Cavalese, kaskazini mwa Italia, tarehe 3 Februari 1998. Ndege ya kivita ya Marekani aina ya Prowler, iliyotoka kambi ya Aviano na kukatazwa na kanuni kushuka chini ya futi 2,000, ilipita bondeni chini mno, ikaikata kamba ya chuma iliyobeba chumba cha abiria wa mlimani. Watu 20 wakafa, na ndege ikarejea kambini, rubani na wenzake wakiwa hai.

Waitalia walitaka kuwahukumu wenyewe, lakini mkataba wa NATO wa mwaka 1951 uliwapa Wamarekani haki hiyo. Mahakama yao ya kijeshi, mwezi Machi 1999, ilimwachilia rubani katika shtaka la kuua, kisha ikamfunga kwa kuharibu ukanda wa video uliopigwa safarini. Hivyo hila iliyobuniwa ili kumwepusha askari na hatari iliihamishia hatari hiyo kwa raia asiyeshauriwa, na sheria ikamnyima hata ukadhi wa nchi alimouawa.