Kipalapala na Bunduki za Njia ya Misafara

Kipalapala iko nje kidogo ya mji wa Tabora, katika nchi ya Unyanyembe. Hapo Unyanyembe, karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo iliachana: mingine ikishika njia ya Ujiji, mingine ya Buganda. Miaka ya 1880 Mapadri Weupe walijenga Kipalapala misheni yenye makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Majirani zao wote, tangu wafanyabiashara Waarabu hadi rugaruga, yaani askari, wa Isike, mtemi wa Unyanyembe, waliishi kwa bunduki.

Nyingi zilikuwa magobori. Mpigaji alimimina baruti mdomoni mwa mtutu, akatia risasi na kitambaa, akashindilia kwa mdeki, ndipo akalenga. Baruti ikilowa mvua, silaha ilibaki chuma tu. Magobori yalijaa kwa kuwa majeshi ya Ulaya yalikuwa yakibadili silaha, na zile kuukuu ziliuzwa kwa bei ya chini, zikasafirishwa hadi Zanzibar na kulipiwa kwa pembe za ndovu. Mwaka 1888 Euan-Smith, konseli wa Uingereza Zanzibar, alikadiria kuwa bunduki 80,000 hadi 100,000 ziliingia Afrika kila mwaka kupitia pwani hii. Waliofaidika na biashara hiyo hawakuulizwa zingemlenga nani.

Mwaka 1889 wamisionari waliihama Kipalapala, baada ya uhusiano wao na Isike kuharibika. Tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba uliozuia kuingiza bunduki za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, toka latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha utumwa, na ilikuwa na ukweli: watekaji walitegemea bunduki. Lakini mkataba haukuwagusa askari wa serikali za kikoloni. Gobori liliweza kuruhusiwa. Bunduki ya kisasa ikawa mali ya mtawala na wenye kibali chake. Watemi wa bara, ambao uamuzi huo uliwahusu kuliko wote, hawakuwamo mkutanoni. Hapo ndipo haki ilipopotea, hata kama lengo lilikuwa jema.

Januari 1893 askari wa kikoloni wa Kijerumani wakiongozwa na Tom von Prince waliliteka boma la Isike. Mtemi alijilipua ndani ya ghala lake la baruti. Marufuku ya Brussels yaliendelea, na mwaka 1919 mkataba wa Saint-Germain-en-Laye uliiweka tena sehemu kubwa ya Afrika chini ya katazo la silaha.