Moshi wa Elgon na king'ora kilichozaliwa kwa sigara

Fundi akifunga king'ora cha moshi alfajiri katika jiko la kuni huko Suam au Endebess, Kenya, kitalia kabla maji ya chai hayajachemka. Kufika saa nne, mwenye nyumba atakuwa ametoa betri na kuitia kwenye redio. Tusimlaumu. Chombo hicho kilibuniwa kwa ajili ya nyumba ambamo moshi ni mgeni wa shari. Kwenye miteremko hii ya Mlima Elgon, moshi ni mwenyeji, tena mwenyeji mwenye kazi nyingi.

Historia yake hapa ni ndefu kuliko ya nyumba zenyewe. Mskoti Joseph Thomson alipofika upande wa kusini wa mlima mwaka 1883, aliwakuta watu wakiishi ndani ya mapango pamoja na mifugo yao, akastaajabu hata akadhani mapango hayo yalichimbwa na watu wa kale waliosahaulika. Wazee wa Kisabaot hawana haja ya nadharia hiyo. Kwao pango lilikuwa ngome dhidi ya wezi wa ng'ombe na blanketi dhidi ya baridi. Kwa upande wa moto, lilikuwa na sifa ambayo hakuna mjenzi aliyewahi kuifikia tena katika eneo hili: paa lake halikuweza kuwaka. Inasimuliwa kwamba serikali ya kikoloni ndiyo iliyowatoa humo, ikitaka watu wakae mahali wanapohesabika, kwa sababu kodi ilitozwa kwa kila kibanda.

Hivyo watu wakabaki na nyumba ya msonge, kuta za udongo na paa la nyasi, mafiga matatu na moto katikati yake. Kwa macho ya leo hiyo ni hatari tupu, lakini tazama jinsi jiko la aina hiyo lilivyopangwa. Juu ya mafiga kuna dari la fito, na hapo ndipo kuni mbichi hukaushwa na mahindi ya mbegu hufukizwa yasiingiwe na dumuzi. Masizi yaliyoganda kwenye nyasi yalizuia wadudu wasile paa. Usiku mama alifukia makaa kwenye majivu, asubuhi akayafukua na kuyapuliza. Moto ukizima kabisa, mtoto alitumwa kwa jirani na kigae kuomba kaa la moto, akiambiwa asikimbie na asipite karibu na ghala. Ghala lenyewe lilisimama peke yake juu ya nguzo, mbali na cheche. Katika maboma mengi ya Wabukusu na Wasabaot jiko nalo lilitengwa na nyumba ya kulala. Wahandisi wa zimamoto wa mijini wangeuita mpango huo busara.

King'ora chao kilikuwa nduru. Ukisikia nduru usiku hukuuliza ni ya nani. Ulichukua ndoo, panga na tawi bichi, ukakimbia. Ndoo ilikuwa ya maji, tawi la kupigia moto wa nyasi, na panga la kukata paa la nyumba ya pili kabla moto haujarukia. Nyumba inayowaka yenyewe ilihesabiwa kuwa imekwenda.

Mabati yalipoenea, hatari ya cheche juu ya paa ilipungua sana, na ingelikuwa habari njema moja kwa moja kama si vitu vilivyoingia chini ya mabati hayo. Koroboi isiyo na chemni, imesimamishwa juu ya kigoda karibu na neti ya mbu. Godoro la sponji. Dari la karatasi la kuzuia baridi. Baadaye ikaja stima, na waya mmoja ukagawanywa vyumba vinne. Milango ikawa ya chuma na madirisha yakatiwa vyuma kwa kuogopa wezi, na mara nyingi kufuli ni moja na ufunguo haujulikani ulipo gizani. Pia hatuwezi kuandika habari za moto wa Elgon tukaacha mioto iliyowashwa makusudi: katika mapigano ya ardhi ya 1991 na 1992, na tena kati ya 2006 na 2008, nyumba nyingi za mlimani ziliteketezwa na binadamu waliokuwa na kiberiti mkononi. Kwa moto wa namna hiyo hakuna chombo kinachosaidia.

King'ora cha moshi chenyewe kilikuja kwa bahati, mbali sana na hapa. Mwaka 1890 Wamarekani Francis Upton, aliyekuwa mshirika wa Thomas Edison, na Fernando Dibble walipata hataza ya kengele ya moto ya umeme. Mwaka 1902 George Darby wa Birmingham, Uingereza, alisajili kifaa cha kuhisi joto. Inasimuliwa kwamba kipande cha siagi kilitenganisha sehemu mbili za chuma, na siagi ikiyeyuka chuma hukutana na kengele hulia. Lakini hivyo vilisubiri joto. Njia ya kuhisi moshi ilipatikana mwishoni mwa miaka ya 1930, pale Mswisi Walter Jaeger alipokuwa akijaribu kutengeneza kifaa cha kunasa gesi ya sumu. Gesi haikunaswa. Akawasha sigara, na mshale wa mita ukashuka.

Ajabu ni kwamba kisa kilijirudia Marekani katika miaka ya 1960. Duane Pearsall alikuwa akishughulikia umeme tuli, fundi wake akapuliza moshi wa sigara, mita ikacheza. Pearsall na Stanley Peterson wakaunda king'ora cha betri cha nyumbani mwaka 1965, na miaka kumi baadaye kikaanza kutengenezwa kwa wingi. Tumbaku imeua mamilioni, ila deni hili dogo tuiandikie.

Ndani ya vingi vya vifaa hivyo mna chembe ya amerisi, metali yenye mnururisho, inayochaji hewa katika chumba kidogo ili mkondo wa umeme upite. Moshi ukiingia, mkondo hupungua na king'ora hulia. Aina nyingine hutumia mwanga, na hiyo huwahi zaidi moto unaofuka polepole bila mwali, kama wa godoro. Huko Marekani, watu watatu kati ya watano wanaokufa kwa moto wa nyumbani hufia katika nyumba zisizo na king'ora au zenye king'ora kibovu.

Kwa Suam, basi, jikoni pafaa kizazi cha siagi ya Darby: king'ora cha joto, kisichojali moshi wa magunzi ya mahindi. Cha moshi kiwe chumba cha kulala. Na wale wanaoingiza jiko la makaa chumbani usiku wa baridi wajue kwamba hewa ya kaboni monoksidi inayoua usingizini haigunduliwi na king'ora cha moshi. Ina kifaa chake. Gari la zimamoto ni huduma ya kaunti tangu Katiba ya 2010, ila kutoka Kitale hadi Suam mpakani ni kilomita zipatazo 45, na chumba chenye sponji hakisubiri hata robo ya safari hiyo.

Mahali ambapo king'ora kingeokoa wengi kwa mpigo mmoja ni bweni la shule. Wasichana 26 walikufa kwa moto wa bweni huko Bombolulu mwaka 1998. Wavulana 67 walikufa Kyanguli mwaka 2001, mlango mmoja ukiwa umefungwa na madirisha yana vyuma. Mwongozo wa usalama wa shule wa mwaka 2008 ukataka bweni liwe na mlango kila upande na wa dharura katikati, yote ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, vitanda viachane mita 1.2, na ving'ora viwe mahali panapofikika. Septemba 2024 watoto 21 wakafa Endarasha, Nyeri. Mzazi wa Kwanza au Cheptais anayempeleka mtoto bweni mwezi wa Januari ana haki ya kuomba aoneshwe mlango wa dharura, ausukume mwenyewe, na aulize funguo hulala kwa nani.