Mwalimu alikuwa na urefu gani?

Sikwenda Mkange kutafuta habari za Mwalimu Nyerere. Nilikwenda kwa ajili ya barabara. Ukitoka Bagamoyo, ukapita Makurunge na kuvuka Mto Wami, unaingia kwenye njia ya kuelekea Saadani na Pangani, njia ambayo kwa miaka mingi mvua ndiyo ilikuwa inaamua nani apite na nani alale njiani. Nilikuwa na daftari, kinasa sauti, na maswali matano kuhusu lami.

Mchana jua likawa kali, nikakaa kwenye kijiwe cha kahawa. Walikuwepo wazee wawili wanacheza bao na mmoja anayewaangalia. Nikawaamkia, nikaagiza kahawa, nikanyamaza. Ukutani kwenye duka la jirani kulikuwa na kalenda ya zamani yenye picha ya Mwalimu, ile ya kifuani, kofia kichwani na kile kisharubu chake kidogo. Mzee mmoja, mwenye umri kama wa miaka themanini, akaniona naitazama.

"Ulimwona, baba?"

Nikamjibu sikuwahi, mimi nilikuwa mtoto mdogo alipofariki.

"Mimi nilimwona. Mnazi Mmoja, mwaka wa uhuru. Mtu mrefu yule! Miraba minne!"

Mwenzake akaacha kete hewani. "Mrefu nani? Nyerere?"

Basi kazi ya barabara ikaishia hapo.

Ukweli ni kwamba Julius Kambarage Nyerere hakuwa mrefu, wala miraba minne hakuwa nayo. Alikuwa mtu mdogo wa umbo, mwembamba hasa miaka ya mwanzo, mwenye meno ya mbele yaliyochongwa kwa mila ya Wazanaki. Angalia picha za kuchanganya udongo, Aprili 1964, au picha yoyote akiwa na Sheikh Karume. Karume alikuwa mtu wa mwili, baharia wa zamani, na pembeni yake Mwalimu anaonekana kama kijana aliyekuja kumsaidia kazi. Msimamishe karibu na Kenneth Kaunda au Jomo Kenyatta, hali ni ileile. Katika marais wa mwanzo wa ukanda wetu, Mwalimu ndiye unayemtafuta kwa macho kwenye picha ya pamoja.

Hilo linajulikana. Lakini jaribu kuliandika. Miaka kadhaa iliyopita, katika chumba cha habari ambacho sitakitaja, niliandika makala ya kumbukumbu ya Oktoba 14 na nikaanza na maneno "mwalimu mfupi wa Pugu". Makala ilipotoka, neno "mfupi" halikuwepo. Nilipouliza, nikaambiwa Baba wa Taifa haandikwi hivyo. Sikubisha, nilikuwa mgeni kazini. Ila neno lile moja lilinikaa, na siku ile Mkange likarudi.

Kwa nini "mfupi" liwe tusi? Nadhani tatizo lipo ndani ya lugha yetu yenyewe. Kwa Kiswahili cheo na kimo vimelala kitanda kimoja. Bosi ni "mkubwa". Viongozi ni "wakubwa". Mwenye mali na sauti ni "mtu mzito", na siku hizi magazeti yanamwita "kigogo", yaani gogo la mti. Anayekamatwa kwa rushwa ya shilingi elfu tano ni dagaa, aliyekula mabilioni ni papa. Ukishasema rais ni mdogo, hata kama unazungumzia suruali yake, sikio la Mswahili linasikia umemshusha cheo. Na ukizidisha upande wa pili unaharibu vilevile: "mtu" ukimfanya "jitu" umemtukana tayari. Lugha yetu imeweka kipimo cha heshima katikati, halafu ikampa kila kiongozi sentimita chache za bure.

Kuna jambo jingine linalofanya futi iwe kifaa chenye historia mbaya kwetu. Wazungu walipokuja walipenda sana kupima. Mtemi Mkwawa wa Wahehe alijiua Julai 1898 asitiwe mkononi na Wajerumani, kichwa chake kikakatwa na fuvu likapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukalitaja fuvu hilo kwa jina lake, kwenye kifungu cha 246, kwamba lirudishwe. Halikurudi. Mwaka 1953 ndipo Gavana Edward Twining alipokwenda kulitafuta Bremen, kwenye jumba la makumbusho lililokuwa na mafuvu mengi ya watu. Ili kuchagua, alitumia vipimo: upana wa fuvu ukigawanywa kwa urefu wake, kisha ukilinganishwa na vichwa vya ndugu wa Mkwawa walio hai. Fuvu lililokaribiana na vipimo hivyo ndilo lililorudishwa Kalenga mwezi Juni 1954. Yaani mtawala wetu mkubwa wa karne ya 19 alirudi nyumbani kama hesabu ya kugawanya. Wiki chache baadaye, Julai 7, 1954, mwalimu mmoja mwenye umbo dogo alichaguliwa kuwa rais wa chama kipya kilichoitwa TANU. Sisemi mambo hayo mawili yana uhusiano. Nasema tu yalitokea mwaka mmoja.

Turudi kwa wale wazee. Yule wa pili, aliyeacha kete hewani, alikuwa na hoja ambayo sijaisoma kwenye kitabu chochote. Alisema: "Sisi tulikuwa tumekaa chini. Yeye amesimama, tena juu ya jukwaa. Kila mtu ni mrefu ukimtazama umekaa chini."

Nikaifikiria njia nzima ya kurudi Bagamoyo. Maana picha karibu zote tulizonazo za Mwalimu zinafanya kazi hiyohiyo. Ile maarufu kuliko zote ya 1961, amebebwa mabegani na wafuasi, bango la kudai uhuru kamili limeinuliwa: mtu mfupi kuliko wengi waliokuwepo pale ndiye kichwa chake kipo juu ya vichwa vyote. Picha za ofisini, zile zilizotundikwa kila shule, kila duka, kila kituo cha polisi, zinaishia kifuani. Noti za kwanza za shilingi yetu, za 1966, zilikuwa na sura yake. Noti ya elfu moja ya leo ina sura yake. Picha isiyo na miguu haina urefu. Kila anayeitazama anaimalizia mwenyewe kwenda chini, na watu huwa wakarimu.

Wapo viongozi wengine waliopunguzwa badala ya kuongezwa. Napoleon Bonaparte ndiye mfano ambao dunia nzima inaujua, mpaka watu wafupi wenye hasira wanaitwa kwa jina lake. Alipofanyiwa uchunguzi wa maiti kule Saint Helena mwaka 1821, kipimo kilikuwa futi tano na inchi mbili, lakini za Kifaransa. Inchi ya Kifaransa ya wakati ule ilikuwa kubwa kuliko ya Kiingereza, na ukibadilisha unapata kama sentimita 168 au 169, urefu wa kawaida kabisa kwa Mfaransa wa enzi zake. Uingereza ikaisoma namba kama ilivyo, na kabla ya hapo mchoraji wao wa katuni, James Gillray, alikwishamchora kama kitoto chenye kofia kubwa kinachorusha vitu kwa hasira. Adui akamfupisha, na ufupi ukabaki. Kwetu imekuwa kinyume: mtu mfupi kweli amerefushwa na waliompenda.

Aliyejaribu kumpima Mwalimu kwa dhihaka alikuwa Idi Amin. Amin alikuwa na urefu wa takriban sentimita 193, bingwa wa ngumi uzito wa juu mwepesi (light heavyweight) wa Uganda kuanzia 1951 kwa karibu miaka tisa. Mwaka 1972 alimpelekea Mwalimu simu ya maandishi akimwambia kwamba anampenda, na kama Nyerere angekuwa mwanamke angefikiria kumuoa ingawa kichwa kimejaa mvi. Vita vya Kagera vilipoanza mwishoni mwa 1978, Amin akapendekeza wayamalize wao wawili ulingoni, Muhammad Ali awe mwamuzi. Watu wanacheka mpaka leo, na mimi huwa nacheka. Lakini ukiitazama vizuri, ilikuwa hoja kamili ya kisiasa: mkubwa ni mkubwa wa mwili, na nchi ni ya mwenye kifua. Jibu la Mwalimu halikuhusu ulingo. Alizungumza na taifa Novemba 2, akataja sababu, nia na uwezo, na Aprili 11, 1979 Kampala ilikuwa mikononi mwa wanajeshi wa Tanzania na wapiganaji wa Uganda. Kwa magazeti yetu, yule jitu alibaki kuwa "nduli".

Mwenyewe Mwalimu alilijua suala hili vizuri kuliko tunavyodhani, na hapa wasomaji wa fasihi mnaweza kunisaidia. Mwaka 1963, rais wa nchi yenye umri wa mwaka mmoja na nusu hivi, alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar; toleo lililosahihishwa la 1969 ndilo *Juliasi Kaizari* tulilolizoea. Kawaida tunaizungumzia kama ushahidi kwamba Kiswahili kinaweza. Sawa. Lakini soma tena sehemu ya kwanza ukiwa na umbo la mfasiri akilini. Kasio anataka kumshawishi Bruto amgeuke Kaizari, na hoja yake kubwa si sera wala sheria. Ni mwili. Anasimulia jinsi walivyoshindana kuogelea mtoni na Kaizari akaanza kuzama, akaomba aokolewe. Anasimulia alivyotetemeka kwa homa kule Hispania. Mtu huyu huyu, anasema kwa maana, ndiye amekuwa mungu, na sisi tunapita chini ya miguu yake tukitafuta makaburi? Kisha Kaizari anapita, anamwona Kasio, na kusema anataka watu wanene karibu yake, maana yule mwembamba anafikiri mno, na watu wa namna ile ni hatari.

Hebu mfikirie mtu mwembamba, mwenye kufikiri mno, jina lake Julius, ameketi usiku Ikulu akitafuta maneno ya Kiswahili ya kusema kwamba watu wembamba ni hatari kwa watawala. Na yeye ndiye mtawala. Sijui kama alitabasamu, lakini mimi nilitabasamu kwa niaba yake.

Na hatari ile ilikuwepo kweli. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi ilipitishwa mwaka 1962. Novemba 6, 1973 alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na ikatakiwa hadi mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe amehamia. Mamilioni ya watu walihama, wengine kwa hiari, wengine nyumba zao zikibomolewa nyuma yao. Amri ya namna ile haihitaji mtu wa sentimita 193. Inahitaji kalamu na watu wa chini wanaotaka kumpendeza mkubwa. Naona tunapomsifu kwa udogo wa mwili, kana kwamba udogo wenyewe ni unyenyekevu, tunasahau ukubwa wa alichokishika mkononi.

Mkononi, kwa kweli, alishika kifimbo. Kenyatta alikuwa na mgwisho, Kaunda kitambaa cheupe, Mwalimu kifimbo, hata si fimbo. Watu walikiogopa zaidi ya bunduki. Hadithi za nguvu za kifimbo kile nilizisikia utotoni kabla sijajua Azimio la Arusha ni nini, na wale wazee wa Mkange walikuwa nazo za kwao, kila mmoja na ya kwake, ila kwenye kifimbo hawakubishana. Azimio lenyewe, Oktoba 1967, alilitembelea kwa miguu: kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kwenda kwenye mkutano wa TANU. Waliokuwa na miguu mirefu walipata tabu kumfuata.

Februari 2024 sanamu yake ilizinduliwa Addis Ababa, makao makuu ya Umoja wa Afrika, karibu na zile za Nkrumah na Haile Selassie, huyo wa mwisho naye mtu mdogo wa umbo. Mtandaoni wapo waliolalamika kwamba sura haifanani naye. Kuhusu kimo sikuona aliyelalamika.

Pale Mkange ubishi haukuisha kwa hoja. Uliisha kwa yule mzee wa tatu, aliyekuwa anaangalia tu bao tangu mwanzo. Aliniambia nisimame. Nikasimama. Akaja mbele yangu, akaweka kiganja chake chini kidogo ya nyusi zangu.

"Hapa," akasema. "Nilikuwa kijana wa TANU, nilisimama naye kama nilivyosimama na wewe."

Yule wa kwanza akatazama kile kiganja muda mrefu. "Labda alikuwa ameinama," akasema, akarudi kwenye kete zake.

Nikalipa kahawa za wote. Makala ya barabara niliiandika usiku uleule.