Sotoka na Chanjo Yake

Sisi wa Ugogo twahesabu mali kwa ng'ombe, na kwa hiyo habari za sotoka si habari za wageni. Yasemwa ya kwamba maradhi haya yaliingia Afrika mwaka 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa Massawa kwa ajili ya askari wa Kiitaliano. Kufika mwaka 1891 yalikuwa yameingia katika nchi zetu, na miaka michache baadaye yakafika hata kusini kabisa. Ng'ombe hushikwa na homa, machozi humtoka, kinywa huota vidonda, kisha huharisha, na baada ya siku chache hufa. Penginepo walikufa 9 katika kila 10, na njaa ikafuata. Haikupatikana dawa ya kumponya, wala ya mizizi wala ya chupa.

Mwaka 1905 Wajerumani waliweka Mpwapwa nyumba ya uchunguzi wa maradhi ya mifugo. Kisha reli ikapita Gulwe, kabla ya kufika Dodoma mwaka 1910, na stesheni yetu ikawa mlango wa Mpwapwa.

Vijana wengine huwacheka wazee waliosita kuwatoa ng'ombe wao wachanjwe. Lakini na tuulize kwanza chanjo ya siku zile ilikuwa ya namna gani. Ng'ombe alitiwa upande mmoja maji ya damu ya ng'ombe aliyepona, na upande wa pili damu yenye ugonjwa wenyewe, ukali wake wote ungalimo. Kipimo kikipotoka, ng'ombe alikufa, tena aliweza kuwaambukiza wenzake. Basi aliyeogopa hakuwa mjinga.

Baadaye wataalamu wakafikiri kuudhoofisha ugonjwa kwanza. Wakautia katika mbuzi, kisha kutoka mbuzi huyu hata mwingine, mara nyingi sana, mpaka kirusi kikazoea mwili wa mbuzi na kupungukiwa na ukali kwa ng'ombe. J. T. Edwards alifanya hivyo Bara Hindi, na huko Kabete, karibu na Nairobi, wakapata chanjo yao ya namna hiyo. Iliwafaa ng'ombe wetu wenye nundu, lakini jamii nyingine za ng'ombe ziliugua sana kwa ajili yake.

Aliyemaliza kazi ni Walter Plowright. Huko Muguga, katika Kenya, yeye na R. D. Ferris hawakutumia mnyama hai. Walikiotesha kirusi chupani, katika chembe za figo za ndama, wakakihamisha mara 90 hivi. Habari zake zilitolewa mwaka 1962. Chanjo hiyo haikudhuru ndama wala ng'ombe mwenye mimba, haikuhama kutoka mnyama mmoja hata mwingine, na sindano moja ilitosha kwa maisha. Upungufu wake ulikuwa mmoja: ilitaka barafu, na jua la Ugogo mwalijua. Hata hilo likashindwa, ilipopatikana chanjo iliyoweza kukaa karibu mwezi mzima pasipo barafu, hata wachanjaji wakaweza kuichukua kwa miguu mpaka kwa wafugaji wa mbali.

Mwaka 2001 sotoka ilionekana mara ya mwisho, katika nyati wa mbuga ya Meru nchini Kenya. Mwaka 2011 ikatangazwa ya kuwa imekwisha duniani. Kabla yake ni ndui peke yake, mwaka 1980, iliyokwisha kung'olewa hivyo.

Lakini sotoka ina ndugu yake, nayo hushika mbuzi na kondoo. Ilithibitishwa katika Tanzania mwaka 2008. Zamani chanjo ya ng'ombe ndiyo iliyotumiwa kuwakinga mbuzi. Sasa wana yao wenyewe, iliyotengenezwa kwa njia ile ile ya kudhoofisha kirusi. Mataifa yameazimu kuumaliza ugonjwa huo kufika mwaka 2030. Kazi hiyo yaonekana ngumu kuliko ya ng'ombe, kwa maana mbuzi huzaa upesi na huuzwa mnadani upesi, na zizi lililochanjwa lote mwaka huu, mwakani lina wengi wasioijua sindano.