Kutoka Kubebwa Hadi Kuingia kwa Mlango Mmoja: Historia ya Usanifu kwa Wote



Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kuliona jambo hili. Ni Ijumaa, adhana imekwisha, na mzee mmoja anafika mbele ya msikiti akiwa katika kiti chake cha magurudumu. Msikiti una ngazi nne. Vijana wanne wanatoka mbio, kila mmoja anashika upande wake, wanamnyanyua mzee pamoja na kiti na kumwingiza ndani. Watu wanasema mashaallah, vijana wetu wana adabu. Na ni kweli wana adabu. Lakini katika msikiti mmoja wa mtaani kwetu mzee wa namna hiyo alikuja Ijumaa tatu, ya nne hakuonekana. Nilipokwenda kumjulia hali nyumbani kwake hakumlaumu mtu yeyote. Aliniambia hivi: "Mwanangu, anayebebwa haendi anakotaka, huenda anakopelekwa. Nikibanwa na haja katikati ya hotuba, nimwite nani?"

Maneno ya mzee yule yalinirudia siku niliposoma habari za mtu mmoja wa Marekani, ambaye tatizo lake lilikuwa hilo hilo, na ambaye alitumia umri wake wote kulitafutia dawa.

Ronald Mace alizaliwa mwaka 1941. Alipokuwa na miaka 9 alishikwa na polio, na tangu hapo akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Alipokua akaingia chuo kikuu cha jimbo la North Carolina kusomea usanifu wa majengo. Hebu tafakari: chuo kinafundisha watu namna ya kujenga, na mwanafunzi wake hawezi kufika darasani. Darasa likiwa juu ilibidi wenzake wambebe kumpandisha, na wambebe tena kumshusha. Milango ya vyoo ilikuwa myembamba, kiti hakipiti. Pamoja na taabu hizo alimaliza shahada yake mwaka 1966.

Wakati ule watu wengi waliamini kwamba tatizo la mlemavu limo katika mwili wake. Miguu yake haifanyi kazi, basi hawezi kupanda, na hakuna wa kulaumiwa. Mace aliliona jambo kwa jicho la fundi. Ngazi haioti yenyewe kama mti. Kuna mtu aliichora, akaweka sahihi, na mwingine akalipa saruji. Na kama ilichorwa, basi ingeweza kuchorwa vingine.

Hakuwa wa kwanza kufikiri hivyo. Vita Kuu ya Pili vilirudisha nyumbani askari wengi waliokatwa miguu au kuvunjika uti wa mgongo, na polio nayo ilikuwa ikishambulia watoto kila kiangazi mpaka chanjo ya Jonas Salk ilipopatikana mwaka 1955. Katika mji wa Kalamazoo, jimbo la Michigan, miaka ya 1940, kingo za barabara katikati ya mji zilianza kukatwa na kuwekwa miteremko midogo kwa ajili ya askari hao. Mwaka 1961 Marekani ikatoa kwa mara ya kwanza viwango vya ujenzi vinavyowajali walemavu, kazi iliyoongozwa na Timothy Nugent wa chuo kikuu cha Illinois. Lakini viwango vile vilikuwa ushauri tu. Aliyetaka alivifuata, asiyetaka aliviweka kabatini, na wengi waliviweka kabatini.

Mace alishiriki kubadilisha hilo katika jimbo lake. Mwaka 1973 North Carolina ilipata kanuni za ujenzi zinazolazimisha majengo yafikiwe na walemavu, na majimbo mengine yakazichukua kama mfano. Huko Berkeley, California, katika miaka hiyo hiyo, wanafunzi wenye viti vya magurudumu waliushinikiza mji ukate kingo za barabara zake. Hapo ndipo watu walipoanza kuona jambo ambalo hawakulitarajia. Ile miteremko midogo ilitumiwa na kila mtu: mama mwenye kigari cha mtoto, mtu wa posta na toroli lake, msafiri anayeburuta sanduku, mzee mwenye mkongojo. Jambo lililodaiwa na wachache likawa raha ya wote.

Isidhaniwe kwamba haki hizi zilitolewa kwa upole. Sheria ya mwaka 1973 ya serikali kuu ya Marekani ilikuwa na kifungu, namba 504, kilichokataza taasisi zinazopokea fedha za serikali kumbagua mlemavu. Maneno yalikuwa mazuri, ila miaka minne ikapita bila kanuni za kukitekeleza kutiwa sahihi. Tarehe 5 Aprili 1977 walemavu waliingia katika jengo la serikali mjini San Francisco na wakakataa kutoka. Watu wapatao 150 walilala humo, wengine wakiwa hawawezi hata kujigeuza wenyewe usiku, bila vitanda vyao wala wauguzi wao. Chama cha Black Panther kiliwapelekea chakula cha moto. Tarehe 28 Aprili waziri akatia sahihi.

Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Judy Heumann, aliyefariki mwaka 2023. Alipokuwa na miaka mitano mama yake alimpeleka shule huko Brooklyn, mkuu wa shule akamkataa, akisema kiti chake kitakuwa hatari moto ukitokea. Alipokua na kusomea ualimu, New York ikamnyima leseni kwa sababu hiyo hiyo. Akaenda mahakamani mwaka 1970, akashinda, akafundisha. Ninawaomba wanafunzi wanaosoma ukurasa huu wamkumbuke mama huyu siku wanapotaka kukata tamaa kwa sababu ya barua moja ya kukataliwa.

Miaka 13 baadaye, tarehe 12 Machi 1990, mamia ya walemavu waliandamana hadi jengo la Bunge mjini Washington. Sheria kubwa ya haki zao ilikuwa imekwama. Walipofika penye ngazi za mawe, wapatao 60 waliacha viti na magongo yao chini, wakaanza kupanda kwa kutambaa. Mmoja wao, Jennifer Keelan, alikuwa mtoto wa miaka 8. Wengine walipanda kwa viwiko, wengine kinyumenyume, ngazi moja baada ya nyingine, mbele ya kamera. Sheria ikatiwa sahihi na Rais George H. W. Bush tarehe 26 Julai mwaka huo huo. Katika historia yote hii hakuna picha inayonigusa kama ile. Walikuwa wameshabebwa vya kutosha, na siku ile walitaka ngazi yenyewe ndiyo ionekane.

Sasa turudi kwa Mace, kwa maana fikra yake ilikwenda mbele kuliko sheria. Sheria ilisema jengo liwe na njia ya mlemavu. Wenye majengo wakatii kwa namna yao: mlango mkubwa wenye ngazi na nguzo ukabaki mbele, na njia ya mlemavu ikawekwa nyuma, karibu na mapipa ya taka, ikiwa na kengele ya kumwita mlinzi. Sheria imetimizwa, mtu amedhalilishwa. Mwaka 1985 Mace aliandika juu ya kitu alichokiita usanifu kwa wote. Makusudio yake ni kwamba jengo au chombo kichorwe tangu mwanzo kwa namna ambayo watu wote, kwa kadiri inavyowezekana, wanakitumia bila kuhitaji marekebisho ya pekee. Mlango uwe mmoja, na wote waingie kwa huo.

Mwaka 1997 kundi la wataalamu kumi, yeye akiwemo, lilitoa kanuni saba za usanifu huo. Sitazieleza zote. Ya kwanza ndiyo hiyo ya mlango mmoja: kitu kitumike na watu wenye uwezo tofauti bila kumtenga wala kumwaibisha yeyote. Nyingine inanipendeza kwa sababu inamhusu kila mama mwenye watoto wadogo, nayo ni kwamba kitu kivumilie makosa. Maana yake, mtu akikosea kubonyeza au kushika, asiumie. Ya mwisho ni nafasi: pawe na upana wa kutosha kufika, kugeuka na kushika, kwa mwenye kiti na asiye nacho. Zilizobaki zinahusu urahisi wa kuelewa, kutotumia nguvu nyingi, taarifa kuonekana au kusikika hata kwa asiyeona au asiyesikia, na mtu kupewa zaidi ya njia moja ya kukitumia kitu. Mace alifariki mwaka uliofuata, Juni 1998, siku chache tu baada ya kuhutubia mkutano kuhusu fikra hii.

Ukidhani haya ni mambo ya majengo makubwa peke yake, tazama jikoni. Mwaka 1990, mwaka ule ule wa kutambaa, mfanyabiashara Sam Farber alianza kuuza vyombo vya jikoni vya OXO. Mkewe Betsey alikuwa na maumivu ya viungo vya mikono, na kumenya kwa kile kimenyeo chembamba cha chuma kulimtesa. Wakatengeneza chenye mpini mnene wa mpira, usioteleza hata mkono ukiwa umelowa. Walionunua wengi hawakuwa na maradhi yoyote. Walikipenda kwa sababu kinashikika.

Na sisi tumo katika historia hii. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006, unautaja usanifu kwa wote na kuufafanua. Kenya, Uganda na Rwanda ziliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, Burundi mwaka 2014, na Kongo mwaka 2015. Basi serikali zetu zimeshakubali. Na hata wale waliojaaliwa kwenda Makka wameona kwa macho yao: baina ya Safa na Marwa, katikati ya njia ya waendao kwa miguu, ipo njia ya viti vya magurudumu, chini ya paa moja, katika ibada moja.

Mtaani kwetu tulipoyazungumza haya, kamati ya msikiti iliona ni jambo jema, na ndani ya wiki moja fundi akajenga mteremko wa saruji mbele ya zile ngazi nne. Tulifurahi sana. Mzee akaja kuujaribu. Kiti kilipanda hatua mbili, kikaanza kurudi nyuma, vijana wakakidaka. Pikipiki zilipanda vizuri! Kosa lilikuwa letu, hatukupima. Kipimo kinachofuatwa ni sentimeta 12 za urefu kwa kila sentimeta 1 ya kwenda juu. Ngazi zetu zina kimo cha sentimeta 60, kwa hiyo zinahitaji mteremko wa mita 7 na sentimeta 20. Wetu ulikuwa na mita mbili.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda na tepu. Mbele hapana nafasi, lakini kando ya ukuta, pale panapowekwa viatu, ipo mita kumi. Viatu vitahamia upande wa pili, na alama za chaki tumeshazichora ukutani. Mzee alipopata habari alishukuru, kisha akauliza swali moja tu: mlango wa choo una upana gani? Kwa kiti cha magurudumu unatakiwa uwe na nafasi ya sentimeta 81 hivi. Tukarudi na tepu yetu. Sentimeta 62.