Je, samaki ni chakula cha asili cha paka? Ukweli ndio huu

Pita soko la samaki la Feri jijini Dar es Salaam au Darajani kule Zanzibar, hutakosa kuona paka chini ya meza za wauzaji wakisubiri utumbo na vichwa. Ndiyo maana watu wengi wanaamini paka na samaki ni chanda na pete, na wakifuga paka wanampa dagaa asubuhi, mchana na jioni.

Ukweli ni kwamba paka anapenda samaki, lakini kwa asili yake si mla samaki. Ukimfuga kwa samaki peke yake unaweza kumuua taratibu bila kujua.

Asili yake ni nchi kavu

Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya paka 979, wa porini na wa nyumbani. Waligundua kuwa paka wa nyumbani wametokana na paka pori anayepatikana Afrika na Mashariki ya Kati, jamii inayojulikana kitaalamu kama *Felis lybica*.

Huyu ni mnyama wa nyika na maeneo makavu. Chakula chake kikuu ni panya, kisha ndege, mijusi na wadudu. Alisogea karibu na binadamu miaka kama 10,000 iliyopita, pale wakulima walipoanza kuhifadhi nafaka na panya wakajaa ghalani. Hakufuata samaki, alifuata panya.

Wapo paka wanaovua kweli. Kusini mwa Asia kuna paka pori anayeingia majini kukamata samaki, lakini huyo ni jamii nyingine kabisa, siyo babu wa paka wako.

Sasa mbona anamchangamkia hivyo?

Sababu ni ulimi wake. Paka hawezi kuonja utamu wa sukari, ila anaonja vizuri sana ladha nzito ya nyama ambayo wataalamu huiita umami. Utafiti wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa vionjo vya ulimi wake vinaitikia kwa nguvu viini ambavyo samaki kama jodari anavyo kwa wingi.

Sababu ya pili ni sisi wenyewe. Katika kaburi la Nakht huko Misri, lenye umri wa miaka kama 3,400, kuna mchoro wa paka akila samaki chini ya kiti. Yaani tumemzoesha tangu zamani.

Hatari ziko wapi?

1. Samaki mbichi. Baadhi ya samaki wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Paka akila samaki hao wabichi kwa muda mrefu anakosa hamu ya kula, anayumba, kichwa kinainama na anaweza kupata degedege. Kuweka kwenye friza hakusaidii, kupika ndiko kunakoua kimeng'enya hicho.

2. Mafuta ya samaki kupita kiasi. Bila vitamini E ya kutosha, mafuta yaliyo chini ya ngozi yanavimba. Paka anaumia hata ukimgusa tu.

3. Zebaki. Samaki wakubwa kama papa na jodari hukusanya zebaki mwilini. Kule Minamata, Japani, miaka ya 1950, paka walianza kuyumba na kurukaruka kama wanacheza ngoma kabla ya kufa. Walikuwa wamekula samaki wenye zebaki kutoka kiwandani. Watu nao waliugua.

4. Miiba, chumvi na vitunguu. Mwiba unaweza kukwama kooni, na dagaa wa chumvi hawamfai. Mchuzi wenye vitunguu maji au vitunguu saumu ni sumu kwake, kwa sababu vinaharibu chembe nyekundu za damu.

Mlishe hivi

Msingi wa chakula chake uwe nyama: kuku, ng'ombe au mbuzi. Mioyo ya kuku ni bei nafuu na ina taurini nyingi, kirutubisho ambacho paka akikikosa moyo wake unalegea na macho yanaweza kupofuka. Ukichemsha nyama usimwage supu, taurini nyingine inabaki humo. Maini mpe kidogo tu, maana vitamini A ikizidi inaharibu mifupa yake.

Samaki mpe mara moja au mbili kwa wiki, awe amepikwa, ametolewa miiba, bila chumvi wala viungo. Ugali na dagaa kila siku hautoshi: ugali unamjaza tumbo tu, hauna taurini hata kidogo.

Ukiona paka wako anayumba, amegoma kula au analia ukimgusa, usisubiri. Muone daktari wa mifugo siku hiyo hiyo na umweleze amekuwa akila nini. Upungufu wa vitamini B1 ukiwahiwa hutibika.